Sakafu Juu ya Mteremko: Deki za Mbao katika Vilima vya Kilosa na Mikumi

Ardhi ya wilaya ya Kilosa ni ya namna mbili, na kila namna hudai ujenzi wake. Upande wa mashariki umelala uwanda wa Mkata, wenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na upande wa magharibi inapanda milima ya Rubeho na Ukaguru, ambayo ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Kati ya uwanda na milima hiyo kuna vilima vilivyofunikwa na miombo, misitu ya miti inayopukutisha majani kiangazi na kuchipua kabla mvua hazijaanza, na mji mdogo wa Mikumi, ulio kusini mwa wilaya hiyo hiyo, umezungukwa na vilima vya namna hiyo. Anayemiliki ekari kadhaa katika eneo hili humiliki pia mteremko, mawe na miti iliyokwisha kukua, na kabla ya jambo lolote lingine hulazimika kuamua ni kwa njia gani atapata mahali tambarare pa kukaa, kula na kupokea wageni.

Njia inayochunguzwa katika sura hii ni ile ya kuweka sakafu ya mbao juu ya nguzo, ambayo mafundi na wenye kambi za watalii huiita deki. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964 na ambayo sasa ina eneo la kilomita za mraba 3,230, mfano wake unaonekana katika kambi ya Vuma Hills, iliyojengwa vilimani kusini mwa barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, na katika kambi ya Stanley's Kopje, iliyozunguka kilima cha mawe kinachotazama uwanda wa Mkata. Katika kambi zote mbili mahema ya wageni yamesimama juu ya majukwaa ya mbao yaliyoinuliwa, na mteremko unaendelea chini yake kama ulivyokuwa. Kwamba ujenzi huu umeenea kwanza katika utalii kusimfanye mwenye nyumba ya kawaida audhani kuwa ni anasa, kwa sababu matatizo unayoyatatua ni ya kila anayejenga mlimani.

Ujenzi uliozoeleka kwenye mteremko ni wa kuchimba upande wa juu na kujaza upande wa chini, ili kupatikana kiwanja bapa kinachoweza kubeba msingi wa mawe au tofali. Kazi hiyo huleta matatizo mawili kwa wakati mmoja. Udongo uliojazwa hauna mizizi wala mshikamano wa udongo uliolala hapo kwa karne nyingi, na kwa hiyo hutitia na kumomonyoka hata ukishindiliwa kwa bidii, ilhali ukingo uliochimbwa huwa ukuta mbichi wa udongo unaokata njia ya maji yanayotiririka ardhini kutoka juu. Tofauti kati ya njia hizo mbili haimo katika wingi wa udongo unaochimbwa, kwa maana deki yenye nguzo tisa, kila moja na shimo lake, nayo huhitaji udongo mwingi kutolewa. Imo katika kwamba mteremko wenye deki hubaki mzima, maji yakipita kati ya nguzo na mizizi ikiendelea kushika mahali pake. Wilaya ya Kilosa imejifunza kwa uchungu gharama ya maji yanayoshuka kutoka milimani, hasa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipofurika, ukawafukuza maelfu ya watu katika nyumba zao na kuikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Deki moja haiwezi kuzuia wala kusababisha mafuriko ya mto, lakini mteremko uliokwanguliwa kwa ajili ya kiwanja hutoa mchanga na tope, na tope la viwanja vingi hatimaye huishia mtoni.

Ingekuwa kosa kuudhania ujenzi huu kuwa mgeni. Wakulima wa mahindi na mpunga katika maeneo ya Wasagara, Wavidunda na Wakaguru wamejenga madungu tangu zamani, dungu likiwa ni jukwaa lililoinuliwa shambani ambako mlinzi hukaa kufukuza ndege, nyani na nguruwe mwitu. Nguzo zake ni miti yenye panda, yaani iliyogawanyika juu kuwa matawi mawili, na miti ya kulaza huwekwa ndani ya panda hizo kisha kufungwa kwa kamba za magome ya myombo. Mhandisi yeyote atakayelitazama dungu kwa makini ataona kwamba uzito wote unashuka mti juu ya mti hadi ardhini, na kwamba kamba ina kazi moja tu ya kuzuia miti isihame, haibebi mtu. Kanuni hiyo ndiyo inayosahauliwa mara nyingi katika deki za kisasa, na sura hii itairudia. Mwenye dungu pia anajua kwamba nguzo zake zitaoza au kuliwa na mchwa baada ya misimu michache, na hilo halimsumbui, kwa sababu dungu hujengwa kwa ajili ya mavuno na si kwa ajili ya wajukuu.

Kazi ya kwanza kwenye kiwanja ni kuusoma mteremko. Ukali wake hupimwa kwa mpira wa maji, yaani bomba laini linaloonyesha maji, ambalo mafundi wa Tanzania hulitumia kuhamisha usawa kutoka kigingi kimoja hadi kingine. Ncha zake mbili zikishikwa wima, maji husimama katika usawa mmoja, na tofauti ya urefu kati ya vigingi viwili hugawanywa kwa umbali ulio kati yao. Mteremko unaoshuka sentimita 30 kwa kila mita moja huitwa mteremko wa asilimia 30, na katika mteremko kama huo deki yenye kina cha mita 4, ikiwa ukingo wake wa juu umeinuka sentimita 40 kutoka ardhini, itakuwa na ukingo wa chini ulio mita 1.6 hewani. Vipimo, hata hivyo, havitoshi. Miti iliyopinda karibu na shina kisha ikanyooka kuelekea juu mara nyingi huonyesha kwamba udongo wa juu umekuwa ukitambaa polepole kuelekea chini, nyasi za majimaji zinazobaki kijani mwezi wa Septemba huonyesha mahali maji yanapotokeza, na korongo dogo lililo kavu mwezi wa Agosti linaweza kuwa kijito mwezi wa Aprili. Kwa sababu hiyo hakuna kipimo kinachoshinda kukitembelea kiwanja wakati mvua kubwa inanyesha, na mnunuzi anayekiona kiwanja kiangazi peke yake amekiona nusu.

Hesabu ya uzito ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, nayo inafaa kufanywa hata na mwenye nyumba asiye mhandisi. Ichukuliwe deki ya mita 4 kwa 5, yenye mihimili mitatu sambamba, mhimili ukiwa ni mbao kubwa ya kulaza iliyokaa juu ya nguzo, na kila mhimili ukibebwa na nguzo tatu. Juu ya mihimili hulazwa boriti, yaani mbao nyembamba zaidi za kusimamisha kwa ubavu, kwa kawaida za inchi mbili kwa sita, kila moja ikiwa sentimita 40 kutoka kwa jirani yake, na juu ya boriti ndipo hupigiliwa mbao za sakafu. Deki za nyumbani hukadiriwa kubeba watu na vyombo vya kilo 200 kwa kila mita ya mraba, na penye uwezekano wa watu kusongamana, kama katika hoteli au ukumbi, kiwango hicho huongezwa hata kufikia maradufu. Kwa kilo 200, deki nzima ya mita za mraba 20 inabeba tani 4, lakini mzigo huo haugawanyiki sawa kwa nguzo tisa: nguzo ya katikati inabeba eneo la mita 2 kwa 2.5, ambalo ni tani 1, na nguzo ya pembeni kabisa inabeba robo ya hiyo. Fundi anayechimba mashimo tisa yaliyo sawa kwa hiyo amepoteza saruji pembeni au ameipunja nguzo ya katikati.

Nguzo ndefu ina udhaifu wake wa pekee. Mti mwembamba unaposukumwa kutoka juu huweza kupinda ubavuni kabla haujasagika, na uwezo wake wa kustahimili kupinda hupungua kwa kasi kuliko urefu unavyoongezeka, kiasi kwamba nguzo iliyorefushwa mara mbili hubaki na robo tu ya uwezo huo. Safu ya nguzo za upande wa chini wa mteremko, ambazo ndizo ndefu, kwa hiyo huhitaji kuungwa kwa mbao za mshazari, zilizokingamana kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya nyingine, na mbao hizo pia ndizo zinazozuia deki isiyumbe pale watu wanapocheza ngoma juu yake. Deki inayotikisika chini ya miguu ya mtu mmoja tayari imeonyesha upungufu huo, na haifai kusubiri sherehe ndipo ushughulikiwe.

Somo la dungu linarudi kwenye viungo. Mhimili ulio bora hukaa juu ya nguzo, au katika mwanya uliokatwa kwenye kichwa cha nguzo, na bolti hupitishwa ili kuushikilia tu. Mhimili uliobandikwa ubavuni mwa nguzo kwa misumari huiachia misumari kazi yote ya kubeba, na msumari hulegea mbao inapokauka na kunywea. Hatari ni kubwa zaidi pale deki inaposhikizwa kwenye ukuta wa nyumba. Uchunguzi wa deki zilizoanguka Marekani umeonyesha mara nyingi kwamba ubao uliounganisha deki na ukuta ulipigiliwa misumari badala ya kufungwa kwa bolti. Tarehe 29 Juni 2003, katika mtaa wa Lincoln Park jijini Chicago, roshani za mbao zilizopandana nyuma ya jengo moja la makazi ziliporomoka zikiwa zimejaa watu waliokuwa kwenye sherehe, na vijana 13 wakafa. Kwa nyumba za tofali za kuchoma zilizozoeleka Kilosa, ambazo mara nyingi hujengwa kwa udongo na saruji kidogo, ushauri wa busara ni kuiacha deki isimame kwa nguzo zake yenyewe hata upande wa nyumba, ikitenganishwa na ukuta kwa mwanya wa sentimita chache, ili kisiwepo kiungo cha kutegemea tofali laini na ili maji yasikae kati ya mbao na ukuta.

Mahali nguzo inapokutana na ardhi ndipo deki nyingi hufia. Kuoza kwa mbao ni kazi ya kuvu wanaohitaji unyevu na hewa kwa pamoja, na sehemu yenye vyote viwili daima ni ile ya sentimita chache juu na chini ya uso wa udongo. Mchwa nao huanzia hapo hapo. Suluhisho lililothibitika ni kuinua mguu wa nguzo juu ya kitako cha zege, kilichochanganywa kwa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, na kuufunga kwa kiatu cha chuma kilichopakwa zinki, mbao ikibaki walau sentimita 15 juu ya udongo. Uso wa kitako huchongwa uiname kidogo pande zote ili maji yasitulie. Kuizika nguzo moja kwa moja ndani ya zege, jambo linalofanywa kwa nia ya kuiimarisha, hutengeneza kikombe kinachohifadhi maji kuzunguka mguu wake. Upakaji wa oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambao umeenea vijijini kwa sababu ni wa bei nafuu, huchelewesha mchwa kwa muda tu, kwa kuwa oili hubaki kwenye uso wa mbao, tena huingia katika udongo wa mteremko ambao maji yake yanashuka kwenye visima vya watu wengine.

Mbao iliyotiwa dawa kiwandani ni jambo tofauti, kwa kuwa dawa husukumwa ndani kwa mgandamizo. Dawa iliyotumika zaidi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, unaoipa mbao rangi ya kijani hafifu, na nguzo za umeme za mikaratusi zinazoonekana kando ya barabara zimetibiwa kwa dawa ya jamii hiyo. Uwepo wa aseniki, ambayo ni sumu, unadai kwamba vipande vinavyobaki visichomwe hata kidogo, wala kupikia wala kuotea moto, na kwamba mafundi wavae barakoa wanapokata. Onyo hili halina budi kutamkwa wazi kwa kila kibarua, kwa sababu mahali ambapo kuni ndiyo nishati ya jikoni, vipande vya mbao havikai chini muda mrefu.

Swali la mbao itokako ndilo linalopima uaminifu wa kazi nzima. Deki husifiwa kwa kuuhifadhi mteremko na miti yake, na sifa hiyo ni ya kweli kwa kiwanja chenyewe, lakini haina maana ikiwa mihimili imetolewa usiku katika msitu wa bonde la pili bila kibali. Miti ambayo mafundi huitamani ni mninga na mkongo, na sababu zao ni za haki, kwa kuwa kiini cha miti hiyo, yaani sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea, hustahimili mchwa na kuvu bila dawa yoyote na hakipindi sana kinapokauka. Tabaka jeupe la nje halina kinga hiyo na hupaswa kuondolewa. Tatizo ni mwendo wa ukuaji. Mche wa mninga hufa sehemu ya juu kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mzizini, hali inayoweza kuendelea kwa miaka kumi au zaidi kabla haujapata nguvu ya kusimama, na baada ya hapo mti huhitaji miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Mnamo Novemba 2022, mkutano wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama, uliingiza jamii ya mninga na ya mkongo za Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya nje ya nchi sharti iwe na kibali, na hatua hiyo inatosha kumfahamisha mjenzi kwamba anashika mali adimu.

Kilosa yenyewe imetoa mfano wa namna ya kuvuna bila kumaliza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu katika ardhi yake, kuusimamia na kupata mapato yake, na kuanzia mwaka 2012 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, kwa fedha za serikali ya Uswisi, vilifanya kazi na vijiji vya wilaya hii, vikiwemo Ulaya Mbuyuni na Ihombwe. Mkaa katika misitu hiyo ulipangiwa kuvunwa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, kitalu kimoja kikikatwa na cha jirani kikiachwa, na kila kilichokatwa kikipumzishwa miaka 24 ili visiki vichipue. Kingo za mito na miteremko mikali ziliachwa nje ya uvunaji. Mkaa si mbao, lakini kijiji kilichokwisha kupima msitu wake, kuchora mipaka na kuunda kamati ndicho kinachoweza pia kumuuzia mjenzi gogo moja la halali na kumwonyesha kisiki chake. Mnunuzi mwangalifu hudai leseni ya uvunaji na hati ya kusafirishia, na hutazama kama magogo yamegongwa nyundo, yaani alama ya chuma inayothibitisha kwamba ofisa misitu ameyakagua.

Kwa sehemu kubwa ya deki, hata hivyo, mbao za msitu wa asili hazihitajiki. Msindano uliotiwa dawa, unaotoka katika mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi na kushushwa na malori kwa barabara ile ile inayopita Mikumi, unatosha kwa boriti na mbao za sakafu, na mtiki wa Mtibwa, katika wilaya ya Mvomero, au wa bonde la Kilombero hufaa kwa nguzo na mihimili, mradi mnunuzi akumbuke kwamba mtiki uliokatwa ukiwa mchanga una tabaka jeupe pana lisilo na uimara ulioupatia mtiki jina lake. Mgawanyo wa busara ni kuutumia mninga au mkongo kidogo pale tu unapoguswa na mkono au unapokabili hatari kubwa, kama vile ngazi na mkono wa ukingo, na kuziachia mbao za shamba kazi iliyobaki.

Miti iliyo hai karibu na deki inastahili heshima ile ile. Watunza miti hukadiria kwamba mizizi muhimu hufika umbali wa walau mara 12 ya kipenyo cha shina, na kwa hiyo myombo wenye kipenyo cha sentimita 40 hauna budi kuachiwa karibu mita 5 kila upande bila mfereji wala lundo la udongo. Shimo la nguzo linaweza kuingia ndani ya duara hilo likichimbwa kwa mkono na kuhamishwa kidogo mzizi mnene unapokutwa, uhuru ambao msingi wa ukuta hauna. Pale mti unapopita katikati ya sakafu, tundu lake liwe pana kuliko shina kwa sentimita kumi au zaidi, kwa sababu mti hunenepa na tena huyumba kwa upepo. Karibu na hifadhi jambo la wanyama huongezeka: haifai kuweka ngazi chini ya mng'ongo, ambao matunda yake yakiiva huvuta tembo, wala kuacha chakula juu ya deki ambayo nyani wameshaifahamu.

Moto ni hatari kubwa kuliko wanyama. Nyasi za miombo hukauka kuanzia mwezi wa Juni, na moto wa kichaka unaopita haraka usingeweza kuwasha nguzo nene, lakini majani makavu yaliyorundikana chini ya deki, pamoja na mbao zilizobaki za ujenzi, huugeuza kuwa moto wa kukaa. Chini ya deki kwa hiyo huwekwa changarawe au huachwa nyasi fupi zinazofyekwa, zinazoshika udongo bila kulisha moto. Kuhusu sheria, itoshe kusema kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwamba hoteli au kambi ya watalii huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

Deki iliyokamilika huachiwa mianya ya milimita 5 au 6 kati ya mbao za sakafu ili maji yashuke, na ukingo wenye urefu wa mita 1 au zaidi, ambao nafasi kati ya fito zake haizidi sentimita 10, kipimo kinachozuia kichwa cha mtoto mdogo kupita. Ukaguzi wake unafaa kufanywa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Oktoba kabla ya mvua na mwezi wa Juni zinapokwisha. Fundi hupita chini akiwa na bisibisi na kuichomeka katika kila nguzo karibu na kiatu chake, hukaza bolti zilizolegea kutokana na kunywea kwa mbao, na huvunja vichuguu vyembamba vya udongo ambavyo mchwa hujenga juu ya zege ili wafikie mbao. Ubao uliolainika hubadilishwa mara moja, na kwa ajili hiyo inafaa vipande kadhaa vya ziada vya mbao za sakafu vihifadhiwe tangu siku ya ujenzi, vikipangwa kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite, kwa kuwa mbao mpya itakayonunuliwa baadaye huenda isilingane unene na ile ya zamani.